Deni Liko Pale Pale: Ndugu Asiye na Bima Anapogonga Gari Lako

 

Si zamani, katika uwanja wa msikiti mmoja wa hapa Mkuza, baada ya swala ya Isha, ndugu mmoja alirudisha gari lake nyuma kwa haraka pasi na kutazama, akaligonga gari la mwenziwe lililokuwa limeegeshwa. Mlango wa ubavuni ukabonyea, taa ya nyuma ikapasuka. Wawili hao ni watu wa safu moja, na watoto wao husoma madrasa moja. Aliyegonga alishuka, akajishika kichwa, akaomba radhi. Alipoulizwa juu ya bima, akasema imekwisha tangu miezi mitatu nyuma, na kwamba alikuwa akisubiri apate fedha aikate upya. Wazee waliokuwa barazani wakasogea, wakasema maneno ambayo kila mmoja wetu anayajua: "Mambo haya yaishe kiudugu. Ajali haina kinga. Msamehe ndugu yako." Aliyegongewa akanyamaza. Kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa ni msamaha, na watu wakatawanyika.

Gari lile ndilo alilokuwa akipelekea mayai kwa wateja wake wa Maili Moja na Mlandizi. Lilikaa gereji wiki mbili, na fundi wa bodi akalipwa kwa fedha iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya ada ya mtoto. Tangu wakati huo ndugu yule haonekani tena katika safu ile. Husali msikiti mwingine, na akikutana njiani na aliyemgonga, salamu yake huwa fupi na macho yake huwa pembeni.

Sisi tulikuwepo usiku ule, nasi hatukusema neno. Tumeona ni wajibu wetu kulisema sasa, kwani tukio hili si la msikiti mmoja, na hapana shaka msomaji amekwisha kuona mfano wake mtaani kwake.

Tunalotaka kulisema ni moja. Kusamehe ni haki ya aliyeharibiwa. Akipenda hutoa, na akitoa ana malipo makubwa kwa Mola wake. Si haki ya aliyeharibu kuudai msamaha huo, wala si haki ya wazee kuutoa kwa niaba ya mwenye mali. Undugu haufuti deni. Undugu unaonekana katika namna ya kulilipa.

HUKUMU YA MALI ILIYOHARIBIWA

Wako wanaodhani kwamba kwa kuwa mtu hakukusudia, basi halimpasi jambo lolote. Hili ni kosa la kuchanganya mambo mawili. Dhambi ya kosa lisilokusudiwa Mwenyezi Mungu ameiondoa kwa rehema yake. Ama mali ya mja, hiyo haiondoki kwa kutokukusudia. Wanazuoni wa fiqhi wamekubaliana kwamba katika dhamana ya mali, kukusudia na kukosea ni sawa: aliyeharibu hulipa. Hata mtoto mdogo asiye na dhambi, akiharibu mali ya mtu, thamani yake hutolewa katika mali ya mtoto huyo, na walii wake ndiye mwenye kuitoa.

Tazama jinsi Mtume (s.a.w.) alivyolitenda jambo hili ndani ya nyumba yake mwenyewe. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba mmoja wa wakeze alimletea chakula katika bakuli, naye akiwa katika nyumba ya mke mwingine. Mwenye nyumba akashikwa na wivu, akalipiga bakuli likavunjika. Mtume (s.a.w.) alikusanya vipande, akakiokota chakula, na hakumkemea mkewe mbele ya wageni. Lakini hakusema yaishe kifamilia. Alichukua bakuli zima la yule aliyevunja, akampelekea aliyevunjiwa, na lile bovu likabaki kwa aliyelivunja. Ikiwa baina ya wake wa Mtume (s.a.w.) bakuli lililipwa kwa bakuli, vipi baina yetu mlango wa gari ulipwe kwa "pole ndugu yangu"?

Na katika Suratul Anbiyaa (21:78-79) tunatajiwa hukumu ya Nabii Daudi na Nabii Suleiman (a.s.) juu ya shamba lililoingiliwa usiku na mbuzi na kondoo wa watu. Wafasiri wanaeleza kwamba Nabii Daudi alihukumu wanyama wapewe mwenye shamba. Nabii Suleiman akafahamishwa lililo bora zaidi: mwenye shamba awachukue wanyama anufaike na maziwa na sufi zao, na mwenye wanyama alihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe chake. Tutairejea hukumu hii, kwani ndani yake mna mafunzo kwa mtu asiye na fedha taslimu.

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni ya bakuli na mbuzi, na magari ni mambo ya zama hizi. Jawabu ni kwamba wanazuoni wa zama hizi wamelikalia jambo hilo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu (Majma'ul Fiqhil Islamiy), katika kikao chake cha nane kilichofanyika Bandar Seri Begawan, Brunei, mwezi Juni 1993, lilitoa azimio juu ya ajali za barabarani. Limesema kwamba kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na sheria ya Kiislamu ni wajibu wa kidini. Limesema pia kwamba dereva ni mwenye kubeba madhara anayowasababishia wengine katika miili na mali zao pale panapokuwa na kosa na madhara, na halikumtoa katika dhamana ila kwa hali tatu: ajali iliyotokana na nguvu asiyoweza kuizuia wala kuiepuka, ajali iliyoletwa na kitendo cha aliyedhurika mwenyewe, au kosa la mtu mwingine, ambaye hapo ndiye atakayeubeba mzigo. Wakishirikiana wawili katika kosa, kila mmoja hubeba fungu lake.

Msomaji atazame: katika hali hizo tatu hamna "ni jirani yangu", hamna "sikukusudia", wala hamna "bima yangu imekwisha".

Azimio hilo limetenganisha pia baina ya atendaye kwa mkono wake (mubashir) na anayesababisha (mutasabbib). Atendaye hubeba dhamana hata kama hakuvuka mpaka. Anayesababisha hubeba akiwa amevuka mpaka au amezembea. Jambo hili linawahusu sana wenye bodaboda na bajaji katika mitaa yetu. Anayempa kijana asiye na leseni pikipiki ili amletee hesabu ya siku, au anayeitoa gari barabarani naye anajua kwamba breki zake ni mbovu, asijifiche nyuma ya kijana yule siku ya ajali. Uzembe wake una hesabu.

"BIMA NI HARAMU, MAALIM"

Tulipomuuliza ndugu mmoja kwa nini hakati bima, alitujibu: "Bima ni haramu, Maalim." Neno hili lina asili, nasi hatulipuuzi. Baraza lile lile, katika kikao chake cha pili kilichofanyika Jiddah mwezi Desemba 1985, liliamua kwamba mkataba wa bima ya kibiashara wenye malipo maalumu una gharari kubwa inayouharibu mkataba, na kwa hiyo ni haramu. Na kwamba badala yake ni bima ya ushirikiano iliyojengwa juu ya kuchangiana na kusaidiana. Wapo wanazuoni wengine wa zama hizi walioona tofauti, na wapo waliomruhusu Muislamu kuchukua ile tu anayolazimishwa na sheria ya nchi.

Lakini tumuulize ndugu yetu maswali mawili. La kwanza: ikiwa umejiepusha na bima kwa kuogopa haramu, je, umeweka akiba ya kulipia utakachokiharibu? Maana kuharibu mali ya mtu na kutolipa ni haramu isiyo na hitilafu baina ya wanazuoni. Mtu anayekimbia lenye hitilafu akaingia katika lisilo na hitilafu, ucha Mungu wake ameulipia kwa mfuko wa jirani. La pili: je, ni kweli ni kwa ajili ya dini, au fedha haikuwepo na dini ikatafutwa baadaye? Kila mtu anaijua nafsi yake.

Aidha, udhuru huu unazidi kuwa mwembamba. Takaful, yaani bima ya kusaidiana kwa misingi ya Kiislamu, ilianza Sudan mwaka 1979. Kwa jirani zetu wa Kenya imekuwepo tangu mwaka 2011. Nasi Tanzania, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) imekwisha kutoa mwongozo wa takaful, na Shirika la Bima la Zanzibar (ZIC) limefungua huduma hiyo. Mwenye kuona uzito katika bima ya kawaida aulizie huko kabla ya kuulizia fatwa.

SHERIA YA NCHI NA UONGO WA GEREJI

Sheria ya Bima ya Magari (Sura ya 169) inakataza kulitumia gari barabarani pasi na bima ya kumkinga mtu wa tatu, ambayo watu wetu huiita bima ndogo. Siku hizi uhai wa bima huhakikiwa kwa namba ya gari katika mfumo wa TIRA-MIS, hata mwenye gari aliye nyumbani kwake anaweza kuutazama. Msomaji afahamu tofauti: bima ndogo haimtengenezei mwenye nayo gari lake mwenyewe, ila inawakinga watu wengine dhidi yake. Kwa maana hiyo, anayeacha kuikata hajihatarishi yeye tu. Amewaondolea kinga wapita njia wote wa kuanzia Maili Moja hadi Visiga. Ni sadaka ndogo kwa majirani ambayo ameizuia.

Hapa pana mtego ambao wengi wetu tunauona kuwa ni werevu. Aliyegongwa huwa na bima kubwa, na aliyemgonga hana kitu. Basi huambiwa: "Wewe sema uligongwa na gari lililokimbia, bima yako italipa, na sisi tutabaki ndugu." Au hukatwa bima asubuhi, na ajali iliyotokea jana ikaandikwa kuwa ni ya leo. Ndugu zetu, huu ni uongo na ushahidi wa uzushi, na fedha itakayopatikana kwayo ni kula mali ya watu kwa batili, awe mwenye mali hiyo ni Muislamu au si Muislamu. Mwenye bima kubwa anayo haki ya kudai kwa kueleza ukweli kama ulivyo. Akishalipwa, kampuni nayo ina haki ya kumrejea aliyesababisha. Hapo deni limehama mlango, halikufutika.

Na pakiwa na mtu aliyejeruhiwa, hata kwa mkwaruzo unaoonekana mdogo, basi hapana tena mazungumzo ya barazani. Mtu apelekwe hospitali, polisi waarifiwe, fomu ya PF3 itolewe. Tumbi haiko mbali nasi, na waliolazwa humo kutoka Barabara ya Morogoro ni mawaidha tosha. Yapo majeraha ambayo hujificha usiku mmoja yakatokea siku ya pili.

MAHALI PA UNDUGU

Msomaji asije akafahamu kwamba tunalingania ukavu wa moyo. Tunasema kwanza haki ithibiti, kisha undugu ufanye kazi yake, na kazi hiyo ni kubwa.

Kazi ya kwanza ni ya aliyeharibu: akiri palepale, asingoje kudaiwa. Aseme, "Nimekugonga, na matengenezo ni juu yangu." Neno hili peke yake linaponya nusu ya jeraha. Kilichomtoa ndugu yule katika safu si mlango uliobonyea. Ni kule kuachwa peke yake na mlango uliobonyea huku watu wakimsifu kwa uvumilivu.

Kazi ya pili ni ya aliyeharibiwa: asizidishe. Haki yake ni kurudishiwa kilichoharibika au thamani yake, si kulifanya gari la zamani kuwa jipya kwa jasho la mwenziwe. Wapelekwe mafundi wawili waaminifu, kila mmoja akisie peke yake, na makisio yao yafuatwe. Taa iliyokuwa imetumika hulipwa kwa taa iliyotumika yenye hali kama yake. Ama kipato kilichopotea wakati gari liko gereji, wanazuoni wana maneno mengi humo, na ndipo mahali pazuri pa sulhu.

Kazi ya tatu ni kuandika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, nayo ni ya 282 katika Suratul Baqarah, ni ya kuandika deni na kushuhudisha. Wengi huona haya, wakidhani kuandikiana ni kutoaminiana. Kinyume chake ndicho kweli: karatasi inaulinda urafiki usiharibiwe na usahaulifu. Iandikwe tarehe, kilichoharibika, makisio ya mafundi, na namna ya kulipa, na wawili washuhudie.

Kazi ya nne ni muhula. Aya ya 280 ya sura hiyo hiyo inaamrisha kwamba mdaiwa akiwa katika dhiki angojewe mpaka apate wepesi, na kumwachia sadaka ni bora zaidi. Tuseme matengenezo yamekisiwa Sh. 600,000, na mdaiwa hawezi kuzitoa kwa mara moja. Akitoa Sh. 50,000 kila mwezi, mwaka hautamaliza ila naye amemaliza. Na asiye na fedha lakini ana ufundi au ana chombo, akumbuke hukumu ya Nabii Suleiman. Mwenye pikapu ambaye gari lake ni zima ampelekee ndugu yake mayai kwa wateja wiki zile mbili. Fundi ujenzi amjengee banda la kuku kwa ujira uliokubaliwa, ukakatwa katika deni. Wakiridhiana, huo ni ulipaji wa halali na wa heshima. Ama mwenye uwezo anayezungusha tarehe, Mtume (s.a.w.) amekwisha kuuita mzungusho wake kuwa ni dhulma.

Baada ya hayo yote, aliyeharibiwa akisema kwa ridhaa yake, "Nimekusamehe yote," au "Nimekusamehe nusu," basi huo ni msamaha wa kweli, na Suratu Shuraa (42:40) imeahidi kwamba ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu. Thamani ya msamaha huu inatokana na kwamba aliyeutoa alikuwa na uwezo wa kudai.

WAZEE NA MFUKO WA MSIKITI

Tunawarejea wazee wetu kwa adabu, nao ni wazazi wetu. Nia yao ni njema, wanaogopa fitina. Lakini fitina haizimwi kwa kumnyamazisha aliyedhulumika. Suratun Nisaa (4:135) inatuamrisha kusimamia uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu, akiwa mtu ni tajiri au masikini. Mzee anayesema "msamehe" pasi na kutia mkono mfukoni amekuwa mkarimu kwa mali isiyokuwa yake.

Ziko njia mbili bora. Ya kwanza ni ya Abu Qatada (r.a.). Liliwekwa jeneza mbele ya Mtume (s.a.w.), akauliza kama marehemu ana deni. Akaambiwa kwamba ana deni la dinari chache. Akawaambia sahaba zake wamswalie wao. Hapo Abu Qatada akasimama akasema kwamba deni lile ni juu yake, ndipo Mtume (s.a.w.) akaswali. Abu Qatada hakumwendea mwenye deni kumwomba asamehe, alilichukua yeye.

Ya pili ni zaka. Suratut Tawba (9:60) imetaja mafungu manane, na moja lao ni wadaiwa (al-gharimin). Aliyeelemewa na deni lisilotokana na maasi, wala hana cha kulipia, ana haki katika fungu hilo. Kwa nini kamati zetu hukusanya zaka na kuigawa yote kwa unga na mchele katika siku za Ramadhani, na fungu hili likasahauliwa? Ila itambulike kwamba mdai hawezi kulifuta deni akalihesabu kuwa ndiyo zaka yake. Maulamaa wengi hawakuliruhusu hilo, kwani zaka ni kutoa.

Na yule anayejificha nyuma ya muda tunamkumbusha. Sheria ya Ukomo wa Madai (Sura ya 89) humpa mtu miaka 3 kudai madhara ya namna hii mahakamani. Mbele ya Mwenyezi Mungu hakuna ukomo. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim habari ya muflisi, ambaye atakuja Siku ya Kiyama na swala, funga na zaka, naye alikuwa amekula mali ya huyu na kumpiga yule, basi mema yake yatagawiwa wao mpaka yaishe. Huko hakuna fedha ya kulipia fundi wa bodi; ni swala zenyewe zitakazokatwa.

Ndugu yule aliyehama safu bado yuko Mkuza, na aliyemgonga bado yuko. Wakati haujapita. Aende nyumbani kwake, si kwa maneno tu bali na chochote alichonacho, hata ikiwa ni Sh. 20,000 za kuanzia, amwambie kwamba deni analijua. Nasi tuliokuwa uwanjani usiku ule tuchangie kilichobaki, kwani tulishiriki katika kunyamaza.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaolipa kabla ya kudaiwa, na wanaosamehe nao wana uwezo wa kudai. Wabillahi tawfiq.